Gari Halijauzwa Mpaka Jina Litoke

Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi chetu



Miaka kumi si haba. Tulianza kina mama 14, kila mmoja na shilingi 100 kwa juma, na leo tuko 32. Historia yetu ameiandika katibu katika kurasa za mwanzo za kijitabu hiki, kwa hivyo hapa hatutairudia. Kamati ilikaa ikaona ni afadhali katika hotuba hii tuzungumze jambo moja la manufaa, ambalo kila mtu ataondoka nalo nyumbani.

Jambo lenyewe ni kuuza gari lililotumika. Wengine watacheka, waseme kina mama wa kuweka na kukopa na magari wapi na wapi? Lakini hebu tujitazame. Mikopo yetu ya kwanza ilikuwa ya unga na mafuta ya kukaangia mahamri. Leo wako wenzetu wenye pikapu ya kuchukulia maji, wako wenye gari la kubebea mboga kutoka soko la Kongowea, na wako wajane walioachiwa gari na waume zao. Kwa wengi wetu gari ndicho kitu cha bei kubwa kuliko vyote tutakachouza kwa mikono yetu. Ukiuza shamba, lina mipaka, lina majirani, na kesho utalikuta pale pale. Gari lina magurudumu. Likishatoka uani limekwenda.

Na kikundi chenyewe kimeuza gari. Lile Toyota Probox letu tulilolinunua mwaka 2018 tuliliuza mwaka 2024, wenyewe kwa wenyewe, bila dalali, na pesa zikafika zote. Tangu siku hiyo wanachama hawaishi kutuuliza tulifanyaje. Basi leo tunasema mara moja ili ibaki kwa maandishi.

JINA NDILO GARI

Watu wengi wanadhani gari limeuzwa pale pesa inapopokelewa na ufunguo unapotolewa. Sheria haisemi hivyo. Sheria ya Trafiki ya hapa Kenya, Sura ya 403, kifungu cha 8, inasema yule ambaye gari limeandikishwa kwa jina lake ndiye anayehesabiwa kuwa mwenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na kifungu cha 9 kinasema gari likishabadilisha mwenyewe lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla mwenyewe mpya hajaandikishwa.

Maana yake nini? Maana yake ni kwamba ukimpa mtu gari na jina lako bado liko kwenye kitabu cha gari, ile logibuku, yeye anaendesha lakini wewe ndiye unayeitwa.

Mwenzetu mmoja, ambaye ametupa ruhusa ya kulisema hili, aliuza pikapu yake mwaka 2021. Mnunuzi alilipa mpaka shilingi ya mwisho. Akapewa ufunguo na kitabu, akasema jina atalibadilisha mwenyewe akifika kwao. Miezi minane ikapita. Siku moja mama huyu analetewa barua ya wakili: pikapu imemgonga kijana wa bodaboda, amevunjika mguu, na mwenye gari ni wewe. Mnunuzi kwa simu hapatikani. Kilichomwokoa ni karatasi mbili: makubaliano ya mauziano yenye tarehe, sahihi na mashahidi wawili, na risiti ya benki. Zile ndizo zilizothibitisha kwamba siku ya ajali gari halikuwa lake tena. Lakini mpaka athibitishe, alipanda gari la Mombasa mara nyingi, akalipa wakili, akakopa kwenye mfuko wetu wa dharura. Usiku alikuwa halali, maana pesa ya pikapu alikwisha ijengea chumba cha mtoto wake.

Mama huyu hakudhulumiwa bei, kina mama. Kilichobaki nyuma ni jina. Ndipo sisi tukaweka neno letu: gari halijauzwa mpaka jina litoke.

KABLA YA KUTANGAZA

Ukiamua kuuza, usianze na kuosha gari. Anza na karatasi.

Tazama jina lililo kwenye kitabu. Kama ni la mume wako naye yu hai, yeye ndiye wa kuuza, hata kama mkopo ulilipa wewe hapa kikundini. Kama ni la marehemu, hapo simama. Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, kifungu cha 45, inakataza mtu yeyote kuuza au kuchezea mali ya marehemu bila idhini ya sheria, na kufanya hivyo ni kosa la jinai. Lazima kwanza mahakama itoe barua za usimamizi wa mirathi, na ndugu zetu Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi. Tunalisema hili kwa sababu tunaona yanayotendeka. Matanga hayajaisha, shemeji anakuja na mnunuzi, anasema mama wewe tia sahihi tu, mengine tutapanga. Usitie. Sahihi yako inaweza kukutia matatani, na pesa ikaishia kwa mwingine.

Kama gari lina mkopo wa benki au sako, jina la mkopeshaji nalo huwa limeandikwa. Maliza deni, au mkubaliane na mkopeshaji kwa maandishi, jina lake litolewe kwanza. Usidhani mnunuzi hatajua. Mnunuzi mwenye akili huomba rekodi ya gari kutoka NTSA, na humo yote yanaonekana. Mwache aombe. Anayechunguza kwanza ndiye mnunuzi wa kweli.

Kama gari ni la kikundi, mkutano uamue, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari, na waseme ni nani watakaotia sahihi. Sisi tulikubaliana hata bei ya chini kabisa, tukaiandika, na hakuna kiongozi aliyekuwa na ruhusa ya kushuka chini yake.

Halafu kuna akaunti ya eCitizen. Tangu mwaka 2023 kazi za NTSA, pamoja na kubadilisha jina la gari, zinafanywa humo. Sasa wengi wetu akaunti zetu tulifunguliwa na vijana wa saiba. Namba ya simu iliyomo si yetu, neno la siri analijua yeye. Hii ni hatari. Aliye na neno lako la siri anaweza kujaribu kuhamisha gari na wewe umelala. Nenda na mwanao au mjukuu unayemwamini, weka namba yako mwenyewe, badilisha neno la siri, na usimtajie mtu.

BEI NA UKWELI

Kwa upande wa bei, usimuulize mtu mmoja. Sisi tulituma wanachama wawili wakatembelea yadi tatu Mombasa kama wanunuzi, wakauliza gari kama letu, mwaka kama wetu. Bei ya yadi huwa juu, kwa hivyo tukaishusha. Mjue pia kwamba watu hutazama herufi za namba: gari la KD watalipa zaidi kuliko la KC, na la KC zaidi kuliko la KB, hata kama la KB limetunzwa vizuri. Tena Kenya hairuhusu kuingiza kutoka ng'ambo gari lililozidi miaka 8 tangu lilipoandikishwa mara ya kwanza. Kwa hivyo lako likiwa na miaka 12 usilipimie bei ya lile linaloshuka bandarini leo.

Mwite fundi wako kwanza, akuambie ubaya wake. La kutengeneza kwa pesa kidogo, litengeneze. La gharama kubwa, liseme. Probox letu lilikuwa linavuja mafuta kidogo na spidomita ilikuwa imesoma kilomita nyingi. Tuliyasema yote mawili kwa kila aliyekuja. Watatu waliondoka. Wa nne alikuja na fundi wake, akalala chini ya gari, akaona ni kama tulivyosema, na tangu hapo aliamini maneno yetu mengine. Usimkubalie fundi anayekwambia atarudisha kilomita nyuma. Huo ni wizi, na ukigunduliwa makubaliano yote yataingia mushkeli.

Kuhusu madalali: hatuwatukani, wengine wanafanya kazi nzuri. Lakini ukimtumia, malipo yake yaandikwe, na bei ujadili wewe na mnunuzi uso kwa uso. Wako wanaokwambia mnunuzi ametoa laki nne, kumbe ametoa nne na nusu.

KULIONYESHA

Watu wasije nyumbani kwako. Mnunuzi mwema hana shida kukutana mahali pa watu. Sisi tulionyesha gari petroli stesheni, mchana, karibu na kituo cha polisi, na hatukwenda chini ya watu watatu. Jioni hatukuonyesha, hata mtu aliyesema anasafiri kesho.

Kabla ya kulijaribu barabarani, tulimwomba mtu kitambulisho na leseni ya udereva, tukanakili namba. Bima iwe hai, maana kuendesha bila bima ni kosa na ajali haibishi hodi. Mmoja wetu alikaa mbele, mwingine nyuma. Akitaka kushuka kuangalia taa za nyuma, anayeshuka kwanza ni sisi? Hapana! Anazima gari, ufunguo anaushika mwenzetu, ndipo wote wanashuka. Magari mengi yameibwa hapo hapo.

Kitabu cha gari chenyewe kinabaki nyumbani, au kwenye sanduku. Mnunuzi anaonyeshwa nakala, na nakala hiyo tuliichora mistari miwili na kuandika "ya kuonyesha tu". Kitabu halisi mikononi mwa mtu mbaya kinaweza kwenda kuombewa mkopo.

Jambo jingine, kina mama, ni lile la "muite mzee tuzungumze naye". Tuliambiwa mara mbili. Mara zote tulijibu kwa heshima, baba, wenye gari ndio sisi, karibu tuzungumze. Aliyeona vigumu kuzungumza bei na wanawake alikwenda zake, na hatukupoteza kitu.

PESA

Hapa ndipo watu wanapolizwa. Kuna njia nyingi, nasi tutataja zile tulizoziona au kuzisikia kwa wenzetu.

Ya kwanza ni meseji ya uongo ya M-Pesa. Inakuja imeandikwa vizuri, ina namba ya risiti na jina la mtumaji. Usitazame meseji, tazama salio. Piga *334# au fungua programu yenyewe uone kama pesa imeingia. Tena simu ina kikomo chake, bei nzima ya gari si ya kupita humo kwa mara moja. Amana ndiyo inaweza kuja kwa simu.

Ya pili ni hundi. Mtu anakuletea hundi Ijumaa alasiri, anataka gari la kwenda harusini Jumamosi. Hundi ni karatasi mpaka benki iseme pesa imekomaa. Hata hundi ya benki yenyewe hughushiwa. Tena ipo ile ya "nimekosea, nimeandika zaidi, nirudishie kinachozidi". Unarudisha pesa yako halisi, halafu hundi inarudi haina kitu.

Ya tatu ni pesa taslimu. Ukibeba pesa ya gari kwenye mkoba umejitafutia majambazi. Na noti bandia ni nani atakayezitambua kwa haraka uani? Kama mnunuzi ana taslimu, ihesabiwe na karani wa benki, iingie kwenye akaunti yako pale pale dirishani.

Njia tuliyoitumia sisi ni kutoka akaunti yake kwenda akaunti yetu, sote tukiwa ndani ya benki. Amana ya shilingi 20,000 alitoa siku tatu kabla, tukamwandikia risiti inayosema ni ya gari gani, bei ni kiasi gani, na asipokuja kwa muda uliowekwa itakuwaje.

SIKU MOJA, MEZA MOJA

Sasa tufike penye fundo. Anayeuza anaogopa kutoa jina kabla ya pesa. Anayenunua anaogopa kutoa pesa kabla ya jina. Wote wawili wana haki. Ndiyo maana watu huachiana katikati, mmoja anamwamini mwenzake, na hapo ndipo balaa huingia.

Sisi tulifikiri juu ya sanduku letu. Mnajua sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa kina mama watatu. Tukasema na gari tulifanye hivyo. Mweka hazina kazi yake ni pesa tu. Katibu kazi yake ni jina tu. Mwenyekiti anashika ufunguo wa gari, na hautoi mpaka wale wawili waseme tayari. Ukiuza gari lako binafsi, njoo uchukue wenzako wawili mfanye hivyo hivyo.

Tuliingia benki saa tatu asubuhi na makubaliano yameshaandikwa. Ndani yake mlikuwa na majina kamili na namba za vitambulisho, namba ya gari, ya chasisi na ya injini, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kilomita zilizosomwa siku ile, na kwamba mnunuzi amelikagua na fundi wake na amelichukua jinsi lilivyo. Tena tuliandika tarehe NA SAA. Saa ni muhimu. Gari likipata ajali jioni ya siku ile ile, ile saa ndiyo itakayosema lilikuwa la nani. Sahihi tulitia mbele ya wakili, na mashahidi wawili kila upande. Nani analipa ada ya kubadilisha jina tulikwisha kubaliana, tusije kugombania hapo mezani.

Pesa ikaingia, shilingi 480,000. Mweka hazina hakutazama meseji, alikwenda dirishani akaletewa taarifa ya akaunti. Akasema tayari. Katibu akafungua eCitizen, maana anayeuza ndiye anayeanzisha kuhamisha jina, akajaza, na mnunuzi naye akaingia kwenye akaunti yake kukubali. Hapo mtandao ukagoma, karibu saa nzima. Mnunuzi akasema, mama, nipeni gari niende, haya ya mtandao tutamalizia jioni. Tukamwambia, baba, pesa yako tumeipokea na risiti unayo, kaa unywe chai. Akanuna kidogo. Mtandao ukarudi, akakubali kwenye simu yake, ada ikalipwa. Katibu akasema tayari. Ndipo ufunguo ukatoka, pamoja na kitabu, na tukapeana mikono.

Huyo bwana ni rafiki yetu mpaka leo. Na alipotaka kuliuza lile gari la zamani la kaka yake, alikuja kutuuliza tulivyoandika makubaliano.

BAADA YA KUUZA

Usilale. Bima ni makubaliano kati yako na kampuni, haiendi na gari. Iarifu kampuni siku hiyo hiyo kwa maandishi kwamba umeuza, na uulize kama kuna pesa ya kurudishiwa. Mnunuzi atafute bima yake kabla hajawasha gari.

Futa jina na namba ya simu iliyoandikwa mlangoni. Toa karatasi zako zote kwenye kisanduku cha mbele. Baada ya siku chache tazama kama rekodi imebadilika. Siku 14 zikifika na jina bado ni lako, usimpigie tu mnunuzi, nenda NTSA na nakala zako. Na nakala hizo, za makubaliano, risiti na vitambulisho, usizitupe. Zetu ziko ndani ya sanduku, chini kabisa.

Pesa tulizisoma mkutanoni Jumamosi ile ile, kila shilingi, kila mtu akisikia. Ndizo zilizochangia mashine ya kukuna nazi mnayoisikia kule nyuma.

MWISHO

Wageni wetu mnaofanya kazi benki, maofisini na kwa chifu, tuna ombi moja kwenu. Mama akija kwenu na mnunuzi wake na karatasi zake, mpeni kiti na meza. Saa mbili za meza yenu zitamwepusha na miaka miwili ya mahakama. Nanyi vijana wetu wa kiume na wa kike mnaoelewa mambo ya simu, wafungulieni mama zenu akaunti kwa namba zao wenyewe, bila kuwacheka.

Na kina mama wenzetu, msione haya kusema ngoja. Anayekuharakisha na mali yako hakutakii mema. Mnunuzi wa kweli atangoja mtandao urudi.

Sasa karibuni chakula.